Paa Lililoshonwa kwa Uzi wa Nyavu

Huku kwetu Migori gari hupimwa kwa magunia. Mtu akija dukani kwangu kuniuliza kama gari fulani linafaa kununuliwa, swali lake la kwanza si injini wala mwaka. Anataka kujua linabeba magunia mangapi ya mahindi, na likiwa limebeba, mlimani linalia au halilii. Mimi nauza spea za magari, na kwa miaka mingi watu wamezoea kuniita niwatajie bei kabla hawajauza au kununua. Cheti cha kazi hiyo sina. Nina macho, nina kisumaku mfukoni, na nina mdomo usioogopa mtu.

Basi siku Mwalimu aliponipigia simu kutoka Homa Bay, nilikuwa nahesabia mteja plagi nne. Akasema, "Nyathina, nataka kuliuza lile gari. Njoo uniambie bei yake ya haki." Nyathina ndivyo anavyoniita tangu zamani, mwanangu kwa Kijaluo, ingawa hakunizaa. Niliziacha plagi juu ya meza nikatoka nje kuongea naye, maana sikutaka mteja auone uso wangu. Aki nilifurahi. Nilifurahi kabla hata sijamuuliza kwa nini anauza.

Lile gari Homa Bay nzima ililijua. Mwalimu alinifundisha hesabu shule ya upili, na alipostaafu wenzake walitia kiinua mgongo chao kwenye ng'ombe, posho mili za kusagia unga na mabati. Yeye alikwenda Nairobi akarudi na gari dogo la michezo, jekundu, viti viwili, paa la kitambaa linalokunjwa na kulazwa nyuma. Watu walicheka hadi wakachoka. Waliliita sufuria isiyo na kifuniko. Wakamuuliza jeneza litakaa wapi siku ya msiba, na mbuzi atakaa wapi siku ya mahari. Mwalimu akavaa kofia yake, akaishika kwa mkono mmoja, na kila Jumapili baada ya kanisa akalipeleka kando ya ziwa taratibu, paa likiwa wazi, akisalimia watu kama mgombea kiti.

Mimi nililiona kwa mara ya kwanza Rongo, kwenye kituo cha mafuta. Mimi mwenye Probox iliyojaa gaskiti na harufu ya grisi. Tangu siku hiyo nililitamani gari lile kama mtoto anavyotamani andazi la mwenzake, na sikumwambia mtu, kwa sababu mwanamke wa umri wangu akitamani gari la viti viwili huku kwetu ataulizwa kile kiti cha pili ni cha nani.

Kwenye simu nikamuuliza kwa nini anauza. Akaniambia jicho moja limeshakufa kwa presha ya macho, na la pili linaona vivuli. "Siwezi kuendesha vivuli," akasema. Alikuwa na kiploti karibu na soko, na pesa za gari alitaka zimjengee vyumba viwili vya kupangisha, ili siku atakapokuwa haoni kabisa awe na cha kula bila kumwomba mtu. Kuna bwana wa Oyugis, mwenye kukodisha magari ya harusi, ambaye alikuwa ameshapiga simu kuuliza bei. Mwalimu alimjibu asubiri, kuna mtu wake anakuja kulipima.

Mtu wake ni mimi.

Nilifika kwake asubuhi, kabla jua halijawa kali. Gari lilikuwa chini ya kibanda cha mabati, limefunikwa shuka mbili za kitanda zilizoshonwa pamoja. Mwalimu alinipa ufunguo. Alikuwa ameufunga kwa kipande cha kamba ya katani badala ya mnyororo, kamba fupi iliyolainika kwa kushikwa. Nikavuta shuka na nikasimama pale nikicheka peke yangu. Sijui nilicheka nini. Lilikuwa zuri tu, jekundu na safi, limekaa chini karibu na ardhi kama paka anayetaka kuruka.

"Umenyamaza," Mwalimu akasema kutoka kwenye kiti chake.

"Nalitazama."

"Litazame vizuri. Mimi siwezi tena."

Nikaanza kazi. Nilipitisha sumaku kwenye milango na mabega ya gari, ikashika kila mahali, maana yake hakuna mahali palipogongwa pakajazwa puti ya fundi na kupakwa rangi ya pili. Nililala chini chali kwenye gunia nikatazama chasisi. Huku ziwani unyevu hula chuma polepole, na magari mengi nimeyakuta yametobolewa na kutu kwenye kingo za chini, lakini hili Mwalimu alilipaka mafuta machafu ya injini kila mwaka kama mtu anavyompaka mtoto mafuta. Tairi nilizisoma tarehe, zilikuwa mbili nzuri na mbili za kutupa. Oili ilikuwa safi. Kilomita zilikuwa chache mno, Jumapili kwa Jumapili. Nikaliwasha. Sauti ile niliisikia tumboni kabla ya masikioni.

Halafu nikafika kwenye paa, na hapo ndipo hadithi hii ilipo.

Upande wa kulia, juu ya dirisha la nyuma, kitambaa kilikuwa kimepasuka urefu wa mkono, tawi lilikiangukia. Paa jipya la gari kama lile halipatikani Kenya hii kwa urahisi. Ukiagiza, pamoja na kusafirisha na kulifunga, ni kama laki nne na nusu. Mwalimu hakuagiza kitu. Alimwita mshonaji nyavu kutoka ufukweni, mzee anayekaa mchana kutwa akiziba nyavu za wavuvi. Yule mzee akatia kiraka cha turubai ndani na nje na kukishona kwa uzi wa nyavu, mishono midogo, ya karibu karibu, kila mmoja umefungwa fundo lake, kisha akapitisha nta juu. Nilipitisha kidole pale. Nimeona mafundi wa Nairobi wenye mashine wakishona vibaya zaidi.

Nikachota maji ndoo nzima nikayamwaga juu ya kiraka. Nikaingia ndani nikakaa, nikatazama juu. Nikamwaga ndoo ya pili. Halikuvuja hata tone.

Sasa hesabu. Magari ya namna hii hayana bei huku kwetu, kwa sababu bei huletwa na watu wengi kutaka kitu kimoja, na huku watu wengi hutaka Probox. Ndiyo maana madalali wa hapa wangelikosea. Wangesema viti viwili ni nusu gari, basi nusu bei. Mimi nilipiga simu mbili Nairobi, kwa watu wawili wasiojuana, nikauliza la mwaka ule na namba ile lingeuzwa ngapi. Nikatoa umri, nikaongeza kilomita chache, nikatoa tairi mbili, nikatoa kidogo kwa sababu ya umbali na shida ya spea. Asilimia zote hizo alinifundisha mwenyewe yule aliyekaa pale kwenye kiti akinisubiri. Ikaja milioni moja na laki mbili. Nikarudia, ikaja vilevile.

Mimi benki nilikuwa na laki saba na themanini.

Baba yangu alikuwa dalali wa ng'ombe huko kuelekea mpakani. Yeye hakuwa na shule, lakini sokoni watu wa makabila mawili, waliokuwa hawaaminiani hata kwa chumvi, walimwita akae katikati yao ataje bei ya fahali. Alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja: mtaja bei hashiki kamba. Ukiitwa kutaja bei ya ng'ombe, ng'ombe yule huwezi kumnunua wewe, hata ukimpenda namna gani, hata ukiwa na pesa mkononi. Niliisikia sheria ile tangu nikiwa mdogo, nikiwa nimekaa juu ya boma namsubiri amalize. Na pale Homa Bay, mkono wangu ukiwa juu ya usukani mwekundu, niliikumbuka neno kwa neno. Kuikumbuka hakukunizuia.

Nilitoka ndani ya gari nikaenda kwa Mwalimu.

"Gari ni zima," nikamwambia. "Injini nzuri, bodi nzuri. Shida ni paa. Lile paa limekwisha, Mwalimu. Mvua ya kweli ikinyesha litavuja, na jipya ni pesa nyingi. Ukitoa hiyo, inabaki laki saba na nusu."

Nilikuwa nimejiandaa. Angeuliza paa limekwisha vipi, ningemweleza mishono. Angetaja mtu wa Oyugis, ningesema wale wa harusi ni wakorofi. Nilikuwa na majibu ya kutosha siku nzima.

Hakuniuliza mara ya pili. Aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi. Halafu akasema, "Kama ndiyo bei yake, basi lichukue wewe. Nilisikia ulivyocheka pale. Kwa nini nimpe mtu wa nje?"

Nikasema ahsante. Nilikuwa na furaha, na chini ya ile furaha palikuwa na kitu kidogo kinachochoma, kama changarawe ndani ya kiatu. Nikasema kitapita.

Tulikubaliana Jumatano twende pamoja Migori, benki yangu iko huko, tuandikiane kwa wakili na nimlipe. Mwalimu alitaka kuja ndani ya gari lenyewe. Alisema anataka kupita Awendo mara ya mwisho paa likiwa wazi, asikie harufu ya sukari, kwa sababu alianzia ualimu wake huko. Usiku wa Jumanne sikulala vizuri kwa msisimko. Asubuhi nilijifunga kitambaa kipya kichwani, cha manjano, nikavaa miwani ya jua niliyoinunua kwa Mhindi miaka mingi iliyopita na sijawahi kuivaa.

Nitaisimulia safari ile hadi nizeeke. Tulipotoka Homa Bay nililaza paa nyuma, upepo ukaingia na harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa ikatusindikiza hadi mji ulipoisha. Kwenye Probox mimi husikia barabara. Mle ndani nilisikia kila kitu, ng'ombe, redio za madukani, mama anayemgombeza mtu kuhusu sabuni, wanafunzi wakipiga kelele wakitupungia. Waendesha boda walitukimbilia ubavuni wakaniuliza, "Madam, inafika spidi ngapi?" na mimi nikawajibu kwa kukanyaga mafuta. Sijawahi kuwa mtu wa kujionyesha. Siku ile nilijionyesha mchana kweupe, na ilikuwa tamu.

Mwalimu alikaa mikono juu ya magoti, uso juu. Alikuwa ananiambia tulipo kabla sijamwambia. "Hapa wanachoma matofali." "Hapa ni Rodi, nasikia mbuzi." Alikuwa anacheka. Mimi nilikuwa nacheka. Nikamwambia nitakuwa namjia kila Jumapili nimpeleke ziwani kama zamani, na nilimaanisha, na changarawe ile ikanichoma tena.

Tulipopita Rodi Kopany akasema, "Naisikia mvua."

Mimi sikuona mvua. Dakika tatu baadaye niliiona, imesimama mbele yetu juu ya mashamba, nyeusi, inakuja. Nikasimamisha gari pembeni, nikaruka nje, nikavuta paa juu na kufunga vishikizo viwili. Niliporudi kitini matone ya kwanza yalikuwa makubwa kama shilingi. Halafu ikaja yote kwa pamoja, mvua ya huku kwetu isiyojua adabu, hadi sikuona hata boneti ya gari langu. Gari lake, hebu niseme ukweli.

Mwalimu akaanza kuvua koti.

"Unafanya nini?"

"Linavuja upande gani? Niambie nitandike." Akaanza kulitandaza lile koti lake la kanisani juu ya kiti changu nyuma ya mgongo wangu, kwa kupapasa. "Hivi viti sasa ni vyako, visiharibike siku ya kwanza."

Kisha akainua mkono, kiganja juu, akauweka chini ya kile kiraka akisubiri. Akausogeza kidogo mbele. Akausubirisha. Akausogeza nyuma. Mvua ilipiga lile paa kama watu wanaomwaga kokoto, na kiganja cha Mwalimu kilikuwa kikavu. Nilikiangalia. Sikuweza kuangalia kitu kingine.

"Bado," akasema. "Labda haijapata nguvu."

Nikapangusa kioo kilichokuwa kimeingia ukungu.

"Usiwe na wasiwasi, nyathina. Likivuja sana tukifika nitakupunguzia hata elfu hamsini nyingine. Sitaki uingie hasara kwa ajili yangu."

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, watu wa stendi wananijua. Lakini hasira iliyonipata pale ilikuwa juu yangu mwenyewe, na haikuwa na pa kwenda ndani ya gari la viti viwili. Nikalia. Nilimwambia huku nalia, bila kupanga maneno.

"Mwalimu, halivuji. Nililimwagia ndoo mbili za maji siku ile, halikuvuja hata tone. Yule mzee wa nyavu alishona kuliko fundi yeyote. Nilikudanganya kwa sababu nililitaka na pesa sina."

Mkono wake ulikaa pale juu kidogo. Kisha akaushusha akalivuta koti kutoka nyuma yangu, akalikunja vizuri, akaliweka magotini.

"Bei yake ni ngapi?"

"Milioni moja na laki mbili."

"Na wewe una ngapi?"

"Laki saba na themanini."

Midomo yake ikaanza kuchezacheza. Nilijua anachofanya, nilikaa mbele ya ubao wake miaka minne. "Umenikata asilimia thelathini na saba na nusu," akasema. "Hesabu naona nilikufundisha vizuri. Hicho ni chumba kimoja chote na mlango wa kile cha pili."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Nikuulize. Ile bei ulinitajia ukiwa mwanangu au ukiwa mnunuzi?"

"Mnunuzi."

"Mnunuzi sikumwita," akasema.

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Tulikaa tukisikiliza mvua, na nilitamani lile paa livuje, livuje hata kidogo, linitetee. Halikuvuja. Yule mzee wa ufukweni nilimlaani na kumbariki kwa pumzi moja.

Mvua ilipokatika niliwasha gari nigeuze kurudi Homa Bay. Mwalimu akanigusa mkono. "Unageuza kwenda wapi? Tulisema Awendo."

"Benki hatuna haja nayo tena."

"Awendo si benki. Laza paa."

"Umekasirika."

"Nimekasirika sana. Hiyo haizuii upepo."

Basi nikalaza paa, na nikaendesha nikiwa na macho mekundu na kitambaa kimelowa, na Mungu anisamehe, baada ya Rongo nilianza kufurahi tena. Nilifurahi zaidi kuliko asubuhi, kwa sababu changarawe haikuwepo. Lami ilikuwa inang'aa. Tulikwama nyuma ya lori la miwa na sikulipita makusudi, nikamwacha avute ile harufu, na tulipokaribia mahali wanapochemsha sukari nguru Mwalimu alifumba hata yale macho yasiyoona akasema, "Hapa. Simama hapa kidogo." Tulisimama. Nikanunua miwa miwili, tukaitafuna ndani ya gari la milioni moja na laki mbili na kutema makapi nje, na polepole akaanza kuongea nami tena. Kwanza kuhusu miwa tu. Baadaye kuhusu mengine.

Jumamosi bwana wa Oyugis alifika Homa Bay na makanika wake. Mimi nilikuwepo tangu asubuhi. Mwalimu mwenyewe aliniita, akasema tu, "Njoo utaje bei," na nilimjibu safari hii nitaitaja mbele ya watu.

Nikaitaja. Bwana wa Oyugis akacheka, akashika kiuno, akalizunguka gari kama analitafutia mkia.

"Madam, viti viwili tu? Kwa milioni?"

"Wewe unakodisha magari ya harusi," nikamwambia. "Bibi harusi na bwana harusi kwani huko Oyugis ni watu wangapi?"

Majirani walikuwa wameshajaa kwenye ua, wakaangua kicheko. Akajaribu tairi, nikamwambia tairi mbili nimeshazitoa kwenye bei, ahesabu mwenyewe. Makanika wake akalala chini akainuka akikubali chasisi ni safi. Halafu bwana mwenyewe akafika pale nilipojua atafika. Akaweka kidole kwenye kiraka, akatabasamu.

"Hii ni nyavu ya samaki."

"Ndiyo. Ingia ndani ukae."

"Nikae?"

"Ingia. Funga mlango."

Akaingia na suti yake ya kijivu. Nikachota ndoo, nikaimwaga. Nikachota ya pili, nikaimwaga polepole juu ya mishono, mshono kwa mshono. Ya tatu nikamwaga kwa nguvu nikiwa nimesimama juu ya kiti cha uani. Watu walikuwa wanahesabu kwa sauti. Nilikuwa nimelowa hadi magoti na nilikuwa na raha ambayo sijawahi kuipata kwenye biashara yangu yote, kwa sababu kila neno nililosema lilikuwa la kweli na sikuhitaji kukumbuka nilichoficha wapi. Nikamwelewa baba yangu. Nilikuwa nadhani alipenda ng'ombe.

Bwana wa Oyugis akafungua mlango, akajipapasa mabega, akajipapasa kichwa. "Kavu," akasema, kwa masikitiko.

Tulivutana bado, maana mtu hawezi kurudi kwao bila kupunguziwa kitu, na akalipa milioni moja, laki moja na themanini. Ujumbe wa benki ulipoingia nilimsomea Mwalimu kwenye simu yake, kila tarakimu, halafu nikampa bwana wa Oyugis naye ausome kwa sauti, ili Mwalimu ausikie kwa mdomo usio wangu.

Mwalimu alitoa ufunguo. Kabla ya kuutoa alifungua lile fundo la katani, polepole, kwa kucha, akautoa ufunguo peke yake. Huku kwetu anayeuza ng'ombe hubaki na kamba, ili baraka ya zizi isiondoke na mnyama. Akaitia kamba kwenye mfuko wa shati.

Gari likatoka uani likiwa limelazwa paa, na nililitazama hadi likakata kona. Liliniuma. Linaniuma hadi leo nikipishana nalo Jumamosi, limefungwa maua na utepe, mtu mwingine amekaa kwenye kiti changu akipunga mkono.

Watu walipotawanyika nilibaki nikipanga viti. Sikujua kama niage au nikae. Nilitaka kumwambia tena anisamehe na niliogopa kumchosha. Mwalimu alikuwa amegeuzia uso upande nilipokuwa, akifuata sauti ya viti.

"Nyathina," akasema, "mabati ya geji thelathini siku hizi ni pesa ngapi moja?"

Nikamtajia.

Akaitikia kwa kichwa, akaanza kuhesabu kwa vidole, mabati mangapi chumba cha kwanza, mangapi cha pili. Hakuniuliza mara ya pili.